UZI: Kazi ya miti kwenye barafu. Kiatu gani kinashika, na kinashika wapi?

#1 Mkwezi_Mafinga

Wakuu, habari za leo. Uzi huu nimeuahirisha tangu msimu uliopita. Leo mvua ya barafu inanyesha tangu alfajiri, msimamizi kapiga simu kasema hakuna kutoka, basi nimekaa na chai yangu na muda ninao.

Kwa wasionijua: kwetu Mafinga. Nimekulia pembeni mwa mashamba ya Sao Hill, na kabla sijafikisha miaka ishirini nilishapogoa mipaini mpaka nikapoteza hesabu. Sasa niko Minnesota, Marekani, huu msimu wa nne, kwenye kampuni ya kuhudumia miti: kupogoa, kuangusha, kuondoa mti ulioegemea paa la mtu. Ndugu nyumbani hudhani wakati wa baridi tunalala. Wapi! Baridi ndiyo msimu wenyewe. Mialoni hapa hupogolewa majira haya, maana kati ya Aprili na Julai jeraha bichi huvuta wadudu wanaobeba vimelea vya mnyauko wa mwaloni. Halafu kuna miti ya ash, inayouawa na mdudu wa kijani aliyetoka Asia. Detroit walimgundua 2002, huku kwetu alionekana St. Paul mwaka 2009, na tangu hapo kazi ya kuangusha ash haiishi.

Kila mtu ninayemweleza kazi yangu huniuliza: huogopi kuanguka mtini? Jamani, mtini sijawahi kuanguka. Nimekula mweleka mara tatu, zote nikiwa ardhini, na ule mbaya kuliko yote ulinipata hata mti sijaufikia.

Ilikuwa Februari. Asubuhi baridi kali, mchana jua likatoka, joto likapanda kidogo juu ya sifuri. Theluji ya paa la mteja ikayeyuka, maji yakapita kwenye njia ya gari. Saa tisa kivuli cha nyumba kikafunika ile njia, yakaganda upya. Hiyo ndiyo barafu ya kioo: huioni, unaona lami tu. Begani nina mfuko wa kamba, mkono wa kulia chensoo (ilikuwa imezimwa, Mungu mkubwa), mkono wa kushoto kopo la mafuta. Mikono yote ina mzigo, kwa hiyo hakuna cha kujizuia nacho. Miguu ilitangulia, kiwiko kikafuata. Wiki tatu sikushika kamba.

Buti nilizovaa zilikuwa nzuri kwa macho. Soli nene yenye makunyanzi makubwa kama tairi la trekta. Nilizinunua mtumba, nikajisifu nimepata bahati. Kumbe ile soli baridi ikishaipiga inakuwa ngumu kama sahani ya plastiki.

Niliyojifunza tangu siku ile, kwa ufupi kadiri nitakavyoweza (sitaweza):

Kwanza, adui si baridi kali. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri barafu ni kavu na theluji inalia chini ya buti kama unakanyaga chumvi ya mawe. Mguu unashika, si haba. Balaa ni pale karibu na sifuri, barafu inapovaa utando wa maji juu yake. Utando ule ndio unaokutoa. Kwa hiyo siku ambayo mnasema "leo afadhali kuna kajoto" ndiyo siku ya kufungua boksi la meno, yale ya chuma ya kuvalisha chini ya buti.

Pili, makunyanzi ya soli ni ya theluji na matope. Kwenye barafu iliyo sawa kama kioo hakuna cha kung'ata, kwa hiyo kinachobaki ni ulaini wa mpira na eneo linalogusa chini. Jaribio langu la kienyeji: acha buti varandani usiku mzima, asubuhi bonyeza soli kwa ukucha. Ikibonyea kidogo, kuna matumaini. Ikiwa ukucha unateleza kama kwenye kigae, hiyo ni buti ya kwendea kanisani.

Tatu, meno ya chuma ndiyo yanayoshika barafu kwelikweli, ila ni ya ARDHINI. Juu ya mti kinachokushika ni kamba, si soli. Nitarudi hapo.

Karibuni wenye uzoefu. Wale wa "nitumie mwaliko mkuu" naomba mwende PM, na hata huko sina.

#2 Bwana_Kiti

Nimechukua kiti cha mbele. Ila mkuu hapo kwenye buti za mtumba umenigusa, mimi zangu hizi nimezivua sasa hivi nazibonyeza na ukucha na niko Tabata, nyuzi 31.

#3 Mpanda_Kibo

Mkwezi, salamu kutoka Moshi. Mimi si mtu wa miti, ni wa mlima, lakini hilo la joto karibu na sifuri nalithibitisha kwa macho yangu. Tukitoka Barafu Camp usiku wa manane, alfajiri tunakaribia Stella Point, karibu na kilele cha Kilimanjaro, theluji ya usiku imekauka na buti inashika. Mgeni anasema mbona rahisi. Saa tano jua limepiga, mnashuka, hapo ndipo watu wanakaa chini bila kupenda. Njia ni ileile, buti ni zilezile. Sisi ile minyororo yenye meno tunamvalisha mgeni wakati wa kushuka kuliko wa kupanda.

Na jina la kambi lisiwachanganye walioko pwani: Barafu Camp yenyewe ni mawe matupu, barafu iko juu yake.

#4 Mkwezi_Mafinga

Mpanda_Kibo, asante mkuu. Kushuka ndiko kwenye kazi. Hata kwetu, kutoka kwenye gari kwenda kwenye mti unapanda na vifaa tu. Unarudi umebeba magogo, umechoka, na jua limeshafanya yake.

Sasa kuhusu meno. Nimetumia aina tatu.

1. Waya zilizojikunja kama springi, zimeshonwa kwenye mpira. Rahisi, nyepesi, wazee wengi wanazo. Kwenye theluji iliyoshindiliwa ni nzuri. Kwenye barafu ngumu kama kioo zinateleza nayo, na zikikatika zinakatika ukiwa katikati ya njia. Zangu zilidumu siku kumi na moja. Kazi ya miti si ya kwenda dukani kununua maziwa.

2. Minyororo yenye meno ya chuma kama sentimita moja. Hii ndiyo ninayovaa. Inang'ata barafu, inapanda mteremko wenye majani yaliyoganda. Ubaya wake: theluji yenye maji inajikusanya chini, unajikuta unatembea juu ya matonge ya ugali. Na ule mpira wa kuzungushia buti ukiganda ni vita kuuvaa. Uweke ndani ya gari karibu na hita, au ndani ya koti.

3. Buti zenye njumu ndogo za karbaidi zilizopachikwa kwenye soli kiwandani. Karbaidi ni ngumu, haiishi haraka kama chuma cha kawaida ukikanyaga lami. Raha yake hakuna kuvaa wala kuvua. Na hiyo ndiyo karaha yake pia, maana huwezi kuzitoa unapoingia kwenye duka la mteja lenye vigae. Hapo utacheza densi bila muziki.

Mambo ambayo hakuna aliyeniambia siku ya kwanza: meno ya chuma juu ya chuma ni kama sabuni juu ya sabuni. Ngazi ya gari, sakafu ya kikapu cha kuinulia watu, kibao cha nyuma cha mashine ya kusaga matawi, kote huko meno hayashiki. Mwenzetu mmoja alishuka kwenye gari kwa mgongo kwa sababu hiyo.

Na USIKANYAGE KAMBA. Hata kwa buti za kawaida kamba ya kukwelea haikanyagwi, sembuse na meno. Jino moja likipita katikati ya nyuzi za ndani hutaliona kwa nje, utaligundua uko mita kumi na tano juu.

#5 Wa_Limuru

Mambo wadau. Niko Edmonton, Alberta, kazi yangu ni kukata matawi karibu na nyaya za stima. Huyu msee anaongea ukweli, lakini ameacha kitu kimoja kinaweza kuua.

Buti za kuzuia stima. Huku Canada utaona kibandiko cheupe chenye herufi ya Omega ya rangi ya machungwa. Hiyo maana yake soli imepimwa kuzuia mshtuko wa umeme, na imepimwa ikiwa kavu. Ukiichoma skrubu au ukaishindilia njumu, hiyo alama haina maana tena, ung'oe tu. Hata ile minyororo ya kuvaa juu, uliza kwanza kama ni ya kazi hiyo, kuna aina zimetengenezwa bila chuma kinachopitisha. Na usidhani buti ndiyo itakuokoa. Kinachokuokoa ni umbali. Kama haujafunzwa kazi ya laini, usikaribie chini ya futi kumi, hiyo ni kama mita tatu, wewe pamoja na tawi pamoja na pawa saw (nyinyi mnaita chensoo). Theluji ikianguka kwa tawi na tawi likashuka kwa waya, hakuna soli itakusaidia.

Kibandiko kingine cha kuangalia: cheupe chenye kamti ka kijani. Hiyo ni buti ya kukinga mnyororo wa pawa saw. Pembetatu ya kijani ni ya kukinga vidole visipondwe na soli isitobolewe na msumari. Watu wanachanganya hizo mbili kila mwaka.

#6 Mkwezi_Mafinga

Wa_Limuru, nimepigwa na nimekubali. Mimi nafanya kazi za majumbani, nyaya kubwa tunawaachia watu kama nyie, ndiyo maana nikasahau. Naongeza kwa walioko Ulaya: buti za chensoo hupangwa kwa kasi ya mnyororo ambayo kiatu kinaweza kuistahimili. Daraja la 1 ni mita 20 kwa sekunde, la 2 ni 24, la 3 ni 28. Hiyo haisemi lolote kuhusu kuteleza. Unaweza ukawa na daraja la 3 mguuni na bado ukala mweleka mbele ya mlango wa mteja.

#7 Fundi_Skrubu

Sasa nyie mnatumia hela nyingi bure. Dola tano. Skrubu fupi za bati zenye kichwa cha pembe sita, unazipiga kwenye soli kwa drili, kumi na mbili mguu mmoja, kingo za kichwa ndizo zinazong'ata. Nimefanya usiku kwenye ghala la mizigo hapa Wisconsin misimu sita, kutoka mlangoni mpaka kwenye matrela, sijaanguka hata mara moja. Mambo ya minyororo ni ya watalii.

#8 Mkwezi_Mafinga

Kwa uwanja wa matrela sikupingi, kaka. Wawindaji na wakimbiaji huku wanafanya hivyohivyo. Ila pima unene wa soli kwanza. Mwenzangu alipiga skrubu ndefu, ikatokeza milimita mbili ndani, soksi ikawa nyekundu kabla ya saa nne. Pili, tundu la skrubu linaingiza maji, na buti iliyoingia maji kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri ni hatari kuliko kuteleza. Tatu, ni yale ya Wa_Limuru. Buti ya kazi ya miti usiichome.

#9 Fundi_Skrubu

Milimita mbili ni uzembe wa fundi, si wa skrubu.

#10 Dada_wa_Tampere

Hamjambo. Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani, Finland. Sikwei miti, lakini kwa siku naingia nyumba kumi na mbili kwa miguu, gizani, kuanzia Novemba. Nyie mna bahati, mnaweza kufuta kazi mvua ikinyesha. Mzee wa miaka tisini hasubiri barafu iyeyuke ndipo apate dawa.

Huku viatu vya njumu havichekwi, vinauzwa duka la kawaida pembeni ya mkate. Nasikia kwa majirani zetu Sweden baadhi ya manispaa huwagawia wazee meno ya viatu bure, kwa hesabu kwamba nyonga moja iliyovunjika ni ghali kuliko jozi nyingi. Manispaa humwaga kokoto ndogo kwenye njia za miguu, na kuna siku zinasaidia na kuna siku zinazama zote ndani ya barafu na unabaki na kioo chenye madoa.

Kwangu shida ni kuvua na kuvaa. Nyumba kumi na mbili, kila mlango nivue, kila mlango nivae. Nimehamia kwenye aina ya kisigino tu, inayopinduka: nje naigeuzia meno chini, ndani naigeuza juu. Haishiki kama minyororo ya kaka Mkwezi lakini ndiyo ninayoivaa kweli. Ile bora kuliko zote ilikuwa inakaa kwenye mkoba.

#11 Mkwezi_Mafinga

Dada, hiyo sentensi ya mwisho ningeibandika kwenye gari letu la kazi. Siku niliyoanguka, meno yalikuwa ndani ya gari, kwenye boksi, nyuma ya kiti. Nilisema nitayavaa nikishashusha vifaa.

#12 Mkarafuu_Wete

Assalaam alaykum. Nasoma kutoka Pemba nikiwa na feni. Swali la mtu wa minazi na mikarafuu: kwa nini msikwee peku? Mzee wangu kakwea minazi miaka arubaini, kiatu chake ni kamba ya miguuni na unyayo wake. Mvua ikinyesha na shina likashika ukoga, hakwei, anakaa barazani anasuka. Na wahenga wamesema mwenda pole hajikwai.

#13 Bwana_Kiti

Peku kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri 😂😂 Atashuka bila vidole huyo.

#14 Mkwezi_Mafinga

Wa alaykum salaam. Mkarafuu, mzee wako tumwamkie shikamoo, maana hilo la kukaa barazani shina likilowa ndilo wakubwa wa kazi hapa hurudia kila asubuhi, na vijana hatulisikii. Ila mwenda pole wa huku hujikwaa vilevile, barafu ya kioo haina adabu kwa mpole.

Sasa nije juu ya mti, maana ndipo swali lako lilipo.

Kuna wanaoamini vile vyuma vya kukwelea, vyenye mwiba mmoja upande wa ndani wa mguu kama vya mafundi wa nguzo za umeme, ndiyo dawa ya mti ulioganda. Si kweli, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mwiba unatoboa mti. Mti unaopogolewa ili uishi haukwewi kwa miiba. Kanuni za Marekani za utunzaji wa miti, ANSI A300, zinakataza, ukiondoa mazingira machache kama uokoaji. Miiba ni ya mti unaoondolewa. Ya pili, gome likiganda na kuvaa barafu, mwiba hauingii kama ulivyozoea. Unahisi umekita, kumbe umeng'ata barafu tu. Ukihamisha uzito unachomoka, na wewe unashuka ukikumbatia shina kwa uso. Miiba ya miti ni mirefu kuliko ya nguzo ili ipite gome nene, lakini urefu hausaidii kama ncha imekuwa butu. Tunazinoa, na tunakita kila hatua kwa uzito wa mwili, si kwa kupiga teke.

Kwenye mti wa kupogoa ninavaa buti tu, bila meno, soli laini, kisigino kinachojitokeza, na kipande kigumu katikati ya soli ili mguu usichoke. Kabla ya kukanyaga panda ya tawi naifuta kwa glavu au naigonga kwa mpini wa msumeno wa mkono, barafu idondoke. Mtu wa chini awe amesogea. Na daima nafikiri hivi: mguu utateleza, sasa nikiteleza kamba itanipeleka wapi? Kama kamba imefungwa juu yangu karibu wima, nitaning'inia tu na kutukana. Kama nimeenda mbali pembeni kwenye tawi, nitarudi kama pendulamu na kujibamiza kwenye shina. Kwa hiyo siku ya barafu siendi pembeni kama ninavyokwenda Juni. Kamba fupi ya kiunoni inabaki imefungwa pia, na ninapowasha chensoo juu ya mti lazima niwe nimejifunga mara mbili. Hiyo iko kwenye ANSI Z133, kanuni za Marekani za usalama wa kazi ya miti, si mapenzi yangu.

Kamba nazo zina barafu yake. Kamba iliyolowa jana ikaganda leo inakuwa waya, na fundo la kubana haliumi vizuri. Unalijaribu chini, futi mbili kutoka ardhini, unaning'inia uzito wote, ndipo unapanda. Kufuli za karabina, zile pete za chuma za kuunganishia kamba, nazo huganda zikiwa hazijafungika. Usisikilize mlio, angalia kwa macho.

Na ash iliyokufa hatuikwei kabisa, barafu iwepo isiwepo. Mbao zake zinakuwa kama biskuti. Tunaita gari la kikapu.

#15 Mwana_Lubumbashi

Bandugu, jambo. Siye kwetu Lubumbashi viatu tunaita bilato, na huku Montréal nilijua kama bilato ni dawa kama dawa ya hospitali, kila ugonjwa na yake.

Mimi nafanya kazi ya parks, kusafisha miti. Wazee wa kazi bado wanazungumza Januari 1998, ile mvua ya barafu ya siku nyingi. Minara ya umeme zaidi ya elfu moja ilianguka, watu mamilioni wakakaa gizani, miti ya Mont-Royal ikapasuka. Mzee mmoja ananiambia kila mwaka: siku ile hatukuangalia chini, tuliangalia juu. Tawi lenye barafu halilalamiki kabla ya kuvunjika. Kwa hiyo Mkwezi, chef wako aliyefuta kazi leo, mpatie heshima. Meno kwenye bilato hayasaidie kama tawi la kilo mia mbili linashuka juu ya kofia.

#16 Mkwezi_Mafinga

Nimempa heshima, nimemtumia hata meseji. Hajajibu, analala.

#17 Msomaji_Mkimya

Naomba kuchangia kidogo. Nilisoma Canada. Taasisi ya urekebishaji viungo Toronto, maabara ya KITE, wana chumba wanachokigandisha sakafu kisha wanakiinamisha polepole mtu akiwa anatembea ndani, amefungwa mkanda wa usalama, mpaka buti ziteleze. Wanapima pembe. Buti ikihimili mteremko wa nyuzi 7 inapewa alama moja ya theluji. Walipotangaza matokeo ya kwanza 2016, buti 98, za kazi na za kawaida, zilizopata hata hiyo alama moja hazikufika kumi. Nyingi ni buti ambazo dukani zimeandikwa za majira ya baridi. Zilizofaulu zilikuwa za soli zilizochanganywa na vitu vigumu vidogovidogo ndani ya mpira, au aina kama Arctic Grip ya Vibram, kampuni ya soli ya Italia.

Na kwa kuwa tumemtaja Vibram: jina ni la Vitale Bramani, mpanda milima wa Italia. Mwaka 1935 wenzake sita walikufa kwenye Alps, na viatu vyao vilikuwa sehemu ya tatizo. Soli yake ya mpira yenye makunyanzi ikapata hataza 1937. Kwa hiyo hayo makunyanzi Mkwezi anayoyadharau yalizaliwa kwenye msiba.

Nyongeza ya kuchekesha lakini ya kweli: Dunedin, New Zealand, watafiti waliwashusha watu 30 kwenye njia zenye barafu, wengine wakiwa wamevaa soksi JUU ya viatu. Wenye soksi waliteleza kidogo zaidi. Samahani, nimekosea, waliteleza KIDOGO KULIKO wenzao. Walipewa Ig Nobel ya fizikia 2010, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza kisha unafikirisha.

#18 Mkwezi_Mafinga

Msomaji, sikuyadharau makunyanzi, nayapenda kwenye theluji. Hiyo ya soksi niliifanya nikiwa sijui kama imetafitiwa! Msimu wa kwanza, meno yalikatika, nikavuta soksi kuukuu za sufu juu ya buti nikafika kwenye gari. Kwa dharura inakubali. Usiende nazo kwenye mashine ya kusaga matawi, nyuzi zinanasa.

#19 Kijana_wa_Mbezi

Habari wakuu. Napata safari mwezi ujao, kazi ya bustani, Maine. Kwa hiyo ninunue nini? Hela ni kidogo. Na chumvi si inatosha kumwaga tu?

#20 Mkwezi_Mafinga

Mdogo wangu, hongera. Usinunue buti ukiwa Dar. Nunua ukifika, na uende dukani jioni, miguu ikiwa imevimba, ukiwa na soksi nene ya sufu. Buti ikikubana damu haifiki vidoleni, na hakuna sufu itakayokusaidia. Chuma cha vidole kinashika baridi. Kuna zenye kinga ya vidole isiyo ya chuma, zitafute. Zenye bitana inayotoka ni nzuri, usiku unaitoa inakauka. Kama hela inatosha kitu kimoja tu cha ziada, chukua minyororo yenye meno, si buti ya pili. Na kabla ya kulipia uliza kampuni inagharimia vifaa gani. Marekani mwajiri hulazimika kulipia vifaa vingi vya kinga, lakini buti za kawaida zenye kinga ya vidole ambazo unaweza kuvaa hata mtaani anaweza kukuachia wewe.

Chumvi: ile ya kawaida inachoka joto likishuka kama nyuzi 9 chini ya sifuri, unamwaga na inakaa palepale ikikutazama. Halafu sisi ni watu wa miti, chumvi inaua mizizi tunayolipwa kuitunza. Mchanga ni bora. Na sisi tuna kitu bora zaidi bure: chipu za mbao kutoka kwenye mashine. Saga matawi machache ya kwanza, zimwage njiani kutoka kwenye gari mpaka kwenye mti. Zinazama kidogo kwenye barafu na kushika.

Namna ya kutembea: kama bata. Hatua fupi, unyayo wote chini kwa pamoja, magoti yamelegea, mikono nje ya mifuko. Utachekwa siku mbili. Na beba vitu kwa safari mbili, mkono mmoja ubaki mtupu.

#21 Kijana_wa_Mbezi

Asante sana kaka. Kama bata nimekuelewa.

#22 Wa_Limuru

Kijana, na meno uvae KABLA ushuke kwa gari. Kaa kwa mlango, miguu nje, vaa, halafu simama. Wengi wanaanguka wakitembea kuenda kuyachukua.

#23 Fundi_Skrubu

Au upige skrubu.

#24 Mkwezi_Mafinga

Narudi jioni ya siku ya pili. Tumetoka leo, mawingu yameondoka, baridi imerudi. Njia ya mteja ilikuwa kioo kitupu, mita kama ishirini kutoka barabarani. Meno yamevaliwa garini, mlangoni, miguu nje, kama alivyosema Wa_Limuru. Tukasaga matawi ya kwanza, tukamwaga chipu upana wa toroli. Mialoni miwili imepogolewa, watu wanne, hakuna aliyegusa ardhi kwa kitu kingine ila buti.

Aliyeanguka ni mteja. Katoka nje na ndara kuja kuuliza kwa nini tunamchafulia njia yake kwa takataka za mbao, akachagua kupita pembeni ya chipu ili asichafue ndara. Tumemwinua, yuko salama, kaumia makalio na heshima. Wakati tunaondoka alikuwa amesimama mlangoni anauliza kama tunaweza kumwachia magunia mawili.

#25 Bwana_Kiti

Ndara! 😂 Huyo ni wa Tabata huyo, muulizeni vizuri.